Kisa cha mdomo wa bata "uliochoka shaba"

Kisa hiki kilitokea katika bendi moja ya muziki wa dansi jijini Dar es Salaam. Majina, mtaa na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa hoja nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Mimi ndiye fundi niliyeitwa. Ala za kupuliza nimezitengeneza miaka mingi: za bendi za dansi, za kanisani, na za vijana wa matarumbeta wanaosindikiza harusi juu ya pikapu. Nilifika pale nikiwa na upande wangu tayari, kwamba aina ya metali ya mwili wa saksafoni, yaani mdomo wa bata, haina nguvu kama inavyosifiwa. Nilitoka bado naamini hivyo, ila nimeaibika kidogo, maana hoja yangu ilikuwa nzuri na majaribio yangu mabovu.

Usuli

Mpulizaji nitamwita Mzee, ndivyo bendi nzima inavyomwita. Amevuka hamsini, anapuliza teno, ile saksafoni kubwa ya sauti nene, na masikio yake yalilelewa na redio: Verckys Kiamuangana na wenzake wa Kongo, pamoja na bendi za hapa nyumbani za enzi ambayo jukwaa lisilo na midomo ya bata na tarumbeta halikuhesabiwa kuwa jukwaa. Teno yake ni ya zamani, imetengenezwa Ulaya, aliuziwa na mstaafu mmoja wa bendi ya matarumbeta. Mwili wake ni shaba ya njano kama saksafoni nyingi duniani, yaani takriban asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Shaba nyekundu ikipandishwa hadi kama asilimia 85, rangi huvuta kwenye dhahabu na wauzaji huanza kusema sauti "ina joto". Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na madini ya bati. Zipo pia za fedha, za shaba nyekundu tupu, na za ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaoitwa fedha na wafanyabiashara ingawa hauna hata chembe ya fedha. Kwa kawaida ukuta wa bomba, kwa zote hizo, haufiki unene wa milimita moja.

Mwaka mmoja kabla sijaitwa, Mzee alisikia kwa mwanamuziki mgeni kwamba vanishi inaibana shaba isitetemeke, na kwamba wajuzi wa ng'ambo huibandua. Akaipeleka teno yake kwa fundi anayeng'arisha madele ya kahawa na njumu za milango ya Kizanzibari. Yule bwana alifanya kazi anayoijua. Vibonyezo vyote vikafunguliwa, mwili ukapitishwa kwenye gurudumu la kusugulia, na teno ikarudi inang'aa kama dele la Idi. Kuvirudisha vibonyezo akakabidhiwa mpwa wake Mzee, kijana mwenye bisibisi na moyo wa kujituma.

Sauti ilibadilika, na Mzee hakuota. Wiki za mwanzo aliona imefunguka. Miezi ikapita, ikaanza kukauka, noti za chini zikawa zinagugumia. Yeye akaunganisha mambo kama mtu yeyote angeunganisha: vanishi imetoka, sauti imebadilika, basi ni shaba. Na sasa shaba yenyewe imechoka.

Ofa ya bronzi

Wakati huohuo kijana mmoja alirudi kutoka ughaibuni na teno ya bronzi, ya Japani, rangi yake nyekundu-nyekundu kama chai ya rangi. Alitaka kuiuza. Bei yake ingemaliza mfuko wote wa bendi na bado wangedaiwa. Kiongozi wa bendi, mtu mwangalifu na pesa za wenzake, akanipigia simu.

"Fundi, njoo utusikilizie. Mzee anasema bila bronzi hapulizi tena."

Nikafika ukumbini alasiri, viti bado viko juu ya meza. Nikamwamkia Mzee shikamoo, akaitikia marahaba, kisha kabla sijakaa akaniambia, "Mwanangu, najua utaniambia ni ridi. Si ridi." Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye mausipisi, sehemu inayoingia kinywani.

Jaribio la kwanza, na daftari langu

Mzee alianza na teno yake. Akapanda na kushuka skeli, akapiga mstari wa matarumbeta wa wimbo wao wa kufungulia. Kisha akachomoa mausipisi, akaichomeka kwenye bronzi na kurudia vilevile.

Tofauti ilikuwa wazi mno. Chini, bronzi ilitoka nene na tayari, huku teno ya zamani ilikuwa imekwamakwama. Mpiga dramu akasema, "Hii inaongea." Mpiga besi akacheka tu, kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua. Sikuwa na la kusema.

Usiku nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika: "Bronzi: nzito chini, laini juu. Ya zamani: juu iko sawa, inaharibika kuanzia G kwenda chini." Nikaisoma sentensi ile ya pili mara tatu. Shaba ni ileile kuanzia shingoni hadi kwenye domo, ule mdomo mpana wa mwisho. Kama ingekuwa imechoka, ingechoka kote. Ugonjwa unaoanzia noti fulani na kuzidi kadiri unavyoshuka una jina moja katika kazi yetu, nalo ni kuvuja.

Nilipoendelea kuwaza nikaona na mengine niliyoyaacha yapite. Ala ya kwanza ilipulizwa na ridi kavu na midomo baridi; ya pili ikapulizwa na ridi iliyolowa, mtu akiwa amechangamka. Bronzi ilitoka moja kwa moja kwenye gari lenye kiyoyozi, na mpiga gitaa aliguna kwamba iko chini kidogo ya tuni. Hewa ikiwa baridi sauti husafiri polepole: mita 343 hivi kwa sekunde kwenye nyuzi 20, mita 349 kwenye nyuzi 30, na tofauti hiyo ya nyuzi kumi, kama ingekuwa ndani ya bomba zima, ingetosha kusogeza noti karibu theluthi ya nusu-toni. Pumzi hupasha bomba haraka, kwa hiyo pale ilikuwa kidogo tu. Lakini kilicho chini kidogo sikio hukiita kizito. Na kila mtu ukumbini aliiona rangi ya ala kabla hajaisikia.

Nikamwomba kiongozi siku saba. Nilimwambia tukipima ala mbili, zote ziwe na afya sawa, la sivyo tunapima ugonjwa. Alikubali, nadhani si kwa sababu ya maneno yangu. Michango ilikuwa haijatimia.

Taa ndani ya bomba

Teno nilikwenda nayo nyumbani. Kuangalia mavujo kunataka giza, na giza nililetewa: umeme ulikatika saa mbili usiku. Nikaingiza utepe wa taa za betri ndani ya bomba, nikaanza kufunga vibonyezo kimoja kimoja kwa shinikizo dogo, lile la kidole cha mtu anayepuliza, si la fundi anayetaka kuficha.

Kwenye pedi (kifuniko cha ngozi kinachoziba tundu) ya G-kali, yaani G iliyopandishwa nusu-toni, palionekana mwanga mwembamba uliopinda, kama mwezi wa siku mbili. Kibonyezo hicho hukaa kimefungwa kwa springi, hivyo mpulizaji hana habari nacho. Lakini pedi yake isipokaa vizuri, kila noti iliyo chini yake inapoteza upepo. Mwanga wa pili ulikuwa kwenye E-bapa ya chini, yaani E iliyoshushwa nusu-toni. Nikahakikisha kwa karatasi ya kusokotea sigara: unaikata utepe mwembamba, unauweka kati ya pedi na ukingo wa tundu, unafunga, unauvuta taratibu. Upande mmoja ulikwama kama inavyotakiwa, upande wa pili ukateleza bila kuguswa.

Pedi zenyewe hazikuwa mbovu sana. Kilicholika ni ukingo wa tundu. Gurudumu la kung'arishia halijui kwamba mduara ule mdogo unatakiwa uwe bapa kama kioo. Linasugua palipoinuka, na palipoinuka ndipo pedi inapokaa. Kisha mpwa alivirudisha vibonyezo bila kupanga upya kipi kifunge na kipi kwa wakati mmoja. Shingo nayo ilikuwa inacheza kwenye kikombe chake. Ukiishika na kuitikisa, unasikia tik-tik.

Nilisawazisha kingo kwa tupa bapa laini, kidogo kidogo. Nikabandika pedi mpya za ngozi kwa lakiri iliyoyeyushwa, nikapanua kidogo shina la shingo likakaza, nikasafisha kile kitundu cha oktava kilichojaa uchafu mweusi, nikabadilisha koki zilizokauka, vile vipande vya gamba laini la mti. Siku mbili za kazi. Teno ya bronzi nayo ilikuwa na uvujaji mdogo kwenye pedi ya C-kali ya chini. Nilimwomba mwenyewe niirekebishe, akakataa isiguswe hata skrubu moja. Nilimwelewa. Ila ina maana kwamba "afya sawa" niliyoipigia kelele sikuipata.

Nyuma ya pazia

Jaribio la pili tulilipanga kwa uangalifu zaidi. Mausipisi moja, ridi moja iliyokwisha kulowa. Ala zote mbili zilikaa ukumbini tangu asubuhi. Kabla ya kuanza, kila ala iliwekwa kwenye tuni kwa programu ya simu, na alama ikachorwa kwenye koki ya shingo kuonyesha mausipisi iingie hadi wapi. Wapulizaji wawili, Mzee na kijana wa alto (saksafoni ndogo kuliko teno) ambaye teno pia anaijua, walisimama nyuma ya pazia la jukwaa. Kiongozi alirusha sarafu kuamua ala ipi. Wasikilizaji watano, wote wa bendi, waliketi kuipa jukwaa mgongo, kila mmoja na karatasi yake, baada ya kusikilizishwa ala zote mbili waziwazi mara mbili.

Raundi zilikuwa 16, nane za Mzee na nane za kijana. Swali la kwanza: ni teno ya zamani au bronzi? Aliyepatia zaidi alikuwa mpiga dramu, 10. Wawili wakapata 9, mmoja 7, mmoja 6. Jumla 41 kati ya 80.

Mpiga dramu alisimama kudai ushindi. Nikamwonyesha kitu ambacho naona kila fundi na kila mnunuzi angefaa akijue: sarafu ikirushwa mara 16, kupatia mara 10 au zaidi hutokea karibu mara moja katika kila nne, bila sikio lolote. Ukikusanya sarafu tano, karibu utegemee mojawapo iwe "bingwa".

Swali la pili niliongeza dakika za mwisho, karibu kwa mzaha: nani anapuliza? Hapo hakuna aliyekosea hata raundi moja. Wote watano, mara zote 16. Ala mbili za metali tofauti ziliwachanganya. Vinywa viwili havikuwachanganya kamwe.

Pale nilipoharibu

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi nzuri. Nikataka na Mzee mwenyewe apimwe. Tukamfunga kitambaa machoni, tukamkabidhi ala. Kabla hajapuliza akasema, "Hii ni yangu." Vibonyezo vya ala mbili haviko mahali pamoja chini ya vidole, kipofu angejua. Jaribio likafia pale.

Kisha nikafanya la kijinga zaidi. Nilitaka kuonyesha kwamba kama kuna tofauti yoyote iko kwenye shingo, si mwilini, basi nichukue shingo ya bronzi niivike kwenye mwili wa zamani. Shingo za watengenezaji tofauti haziingiliani. Hii ilikuwa nyembamba kidogo, nikaizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba ikabana. Mzee akapuliza. Ikatoka sauti ya kuziba, C-kali ya kati ikayumba, oktava ikakataa kupanda. Mzee akaishusha ala na kunitazama kwa huruma.

"Umeona mwanangu? Shaba zinakataana."

Ukumbi mzima ukacheka, na kazi yote ya pazia ikapotelea kwenye kicheko kile. Nilijua kwa nini imetokea: shingo ile ilichongwa kwa koni nyingine, mahali pa kitundu cha oktava ni pengine, na utepe wangu uliacha pengo. Lakini maelezo yanayokuja baada ya watu kucheka hayana soko.

Uamuzi

Kiongozi ndiye aliyeamua. Bronzi isinunuliwe. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kisayansi: kama watu wa bendi wakikaa mita tano hawatofautishi, mnywaji aliye meza ya nyuma ndiye atatofautisha? Sehemu ya pesa ikalipa matengenezo, na sehemu ikanunua mausipisi mpya ya ebonaiti, ule mpira mgumu mweusi, kwani ya Mzee ilikuwa imelika kingo na ina alama za meno za watu wawili tofauti, yeye na yule mstaafu. Tulichagua kati ya tatu, kwa pazia lilelile. Safari hii wasikilizaji hawakuhitaji hata raundi nne. Walizijua zote kwa haraka, wakabishana tu ipi ni nzuri.

Mzee alikubali kwa shingo upande. Alisema neno ambalo nimelifikiria kuliko jambo lolote katika kisa hiki: "Nyie mmesikiliza kwa mgongo. Mimi nasikiliza kwa meno."

Matokeo

B-bapa ya chini, ile noti inayotaka kila pedi ifunge sawasawa na inayotoka kwa mitetemo 104 hivi kwa sekunde, sasa inatoka kwa kunong'oneza. Hapo ndipo teno hukaguliwa. Bronzi ilinunuliwa na mtu mwingine mkoani. Baada ya miezi minane Mzee alirudi, pedi mbili zimevimba na springi kadhaa zimeshika kutu, maana huifungia ala kwenye sanduku ikiwa na maji ya pumzi, na nyumba yake inapigwa na upepo wa bahari. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyesubiri siku hiyo, kwamba bronzi isingefanya hivyo. Springi, kwa taarifa, ni za chuma kwa ala zote mbili.

Uchambuzi: nini hutetemeka

Wanamuziki wetu wengi wanaamini metali kwa sababu inayoeleweka. Kwenye ngoma, ngozi ndiyo inayolia. Kwenye gitaa la galoni, uso wa mbao unatetemeka na kusukuma hewa. Mtu aliyekulia kwenye ala hizo akishika saksafoni na kuhisi inatetemeka mikononi, atadhani mwili ndio unaolia.

Kwenye saksafoni kinacholia ni hewa iliyo ndani. Ridi hufungua na kufunga mlango wa pumzi, mawimbi hukimbia ndani ya koni hadi kwenye tundu la kwanza lililo wazi na kurudi, na umbo la ile koni, tangu ndani ya mausipisi, ndilo linaloamua hamoniki zipi (sauti ndogo za juu zinazoambatana na noti) zisaidiwe na zipi zififishwe. Ukuta kazi yake ni kukaa imara. Bomba la duara ni gumu sana kulisukuma kwa mawimbi ya sauti. Hutetemeka, ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo mno kuweza kufika kwa msikilizaji mbele ya sauti inayotoka kwenye matundu na domo. Adolphe Sax mwenyewe, yule Mbelgiji aliyepata hataza ya saksafoni Ufaransa mwaka 1846, alishikilia kwamba rangi ya sauti huamuliwa na vipimo vya safu ya hewa.

Wapo waliopima. Mwaka 1909 mwanafizikia Dayton Miller wa Marekani alichapisha majaribio ya mabomba ya kinanda cha kanisa yenye kuta nyembamba za zinki, akazungushia maji, na sauti ikabadilika sana. Watetezi wa metali humpenda, na hawakosei kumtaja. Lakini mabomba yale yalikuwa ya pembe nne. Ukuta bapa mwembamba huvimba na kunywea kwa urahisi, ukuta wa duara haufanyi hivyo. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman alitengeneza filimbi tatu zenye vipimo sawa vya ndani, moja ya fedha, moja ya shaba nyekundu, moja ya mbao. Wasikilizaji wazoefu hawakuzitofautisha, na hata wapulizaji, walipozuiwa kujua wameshika ipi, hawakuweza. Huyu aliweza kile kilichonishinda kwa Mzee, kwa sababu filimbi zake hazikuwa na vibonyezo vya kumsaliti. Mwaka 2001 watafiti wa Vienna walirudia na filimbi za modeli moja za fedha, dhahabu na platini, wakaishia palepale.

Filimbi si saksafoni, nakubali. Kwa hiyo huwa naongeza Charlie Parker, mpulizaji maarufu wa alto wa jazi ya Marekani. Tarehe 15 Mei 1953, katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, alipuliza alto ya Grafton, iliyotengenezwa London, mwili wake plastiki ya rangi ya maziwa. Onyesho lilirekodiwa. Anayemjua Parker akisikiliza anamsikia Parker, si plastiki. Ornette Coleman, mpulizaji mwingine wa jazi, naye aliitumia Grafton kwa miaka kadhaa. Ala ile ilikuwa na udhaifu, ilivunjika hovyo na vibonyezo vyake vilisumbua mafundi, lakini haikumnyang'anya mtu sauti yake.

Basi mbona bronzi nyingine husikika tofauti?

Kwa sababu mara nyingi ni ala nyingine kabisa. Kiwanda kikitoa modeli ya bronzi au ya fedha, mara nyingi huipa pia shingo nyingine, domo lililofuliwa kwa mkono, pedi bora, na saa za ziada za fundi wa kukagua mavujo. Mnunuzi analipia yote hayo na kuyaita metali. Hata pale modeli inapokaribiana, kama kiwanda cha Yanagisawa cha Japani kinavyotoa teno ya shaba ya njano na mwenzake wa bronzi, muulize mpulizaji yeyote aliyewahi kujaribu ala tatu za shaba moja, modeli moja, duka moja: hazifanani. Sehemu ndogo ya milimita kwenye shingo ina nguvu kuliko mchanganyiko wa madini.

Na ndiyo maana neno la Mzee kuhusu meno sikulitupa. Meno ya juu yako juu ya mausipisi, mtetemo unapita kwenye mfupa hadi sikioni, na vidole gumba vinahisi mwili. Ala nzito, ala nyepesi, ala iliyo na vanishi nene, huenda zikamfikia mpulizaji kwa namna tofauti hata kama hewa inayotoka ni ileile. Mpulizaji anayejisikia vizuri hupuliza vizuri zaidi. Hilo nalo linaingia kwenye sauti, kwa mlango wa nyuma. Nilipomwambia Mzee "hakuna tofauti" nilisema zaidi ya nilichopima. Nilichopima ni migongo mitano.

Yaliyofanya kazi, na yaliyoshindwa

Kilichookoa pesa za bendi ni ile wiki moja ya kusubiri na taa ya bei ndogo. Pazia lilisaidia, lakini hata bila pazia, sentensi ya "kuanzia G kwenda chini" ilitosha kuanzisha kazi. Niliisikia mchana na sikuielewa hadi usiku. Jaribio la kwanza lilikuwa na makosa yote: mpangilio wa ala, joto, macho, na ala moja mgonjwa. La pili lilikuwa na wasikilizaji wachache, wote marafiki, na uvujaji mmoja ambao sikuruhusiwa kuuziba. Shingo na utepe wa mafundi bomba sitaki kuzungumza tena.

Kosa kubwa zaidi ni la kabla yangu, na sehemu yake ni la sisi mafundi. Hakuna aliyemwambia Mzee kwamba kubandua vanishi maana yake ni kufungua kila skrubu, na kwamba chochote atakachokisikia baada ya hapo kitatokana na jinsi ala ilivyorudishwa. Vanishi ni utando mwembamba sana kulinganisha na ukuta. Gurudumu la kusugulia ndilo lenye uwezo wa kubadilisha sauti, na hubadilisha kwa kula kingo za matundu. Ningekutana naye mwaka ule, ningemwomba anipe saa moja na taa kabla hajaenda kwa mtu wa madele.

Shaba ile sasa iko uchi, na hewa ya Dar es Salaam haina huruma na shaba iliyo uchi. Kila Jumamosi Mzee huisugua kwa limao na majivu hadi ing'ae, mikono ikitoka na ukijani, na anasema ikikosa limao wiki moja sauti inalala. Nimemwomba walau asifike karibu na pedi.